Vipimo vyote safi, mbona tumbo halinipi raha?

Shikamoo Daktari,

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, mwanamke wa miaka 34. Nakuandikia kwa sababu nimechoka, na habari zenyewe si za kuzungumza na kila mtu.

Mwaka juzi tulikuwa safarini na wenzangu, tukala chakula kilichotuharisha karibu wote. Wenzangu walipona ndani ya wiki, nami nikadhani nimepona. Tangu hapo tumbo langu si lile nililokuwa nalo. Kila wiki linanisokota chini ya kitovu, linajaa gesi hadi sketi niliyoivaa vizuri asubuhi inanibana jioni, kisha lazima nikimbilie chooni. Nikishatoka napata nafuu, halafu baada ya muda mfupi narudi tena. Choo ni laini mno, mara nyingine majimaji, mara nyingine kina ute. Sijawahi kuona damu. Usiku nalala vizuri kabisa. Shida ni asubuhi, na hasa siku za kazi. Nimeshawahi kuacha sentensi ubaoni haijaisha nikatoka mbio, nikarudi nikakuta darasa zima linaniangalia.

Nimetibiwa amiba, nimetibiwa vidonda vya tumbo, nimemeza dawa za minyoo, na antibiotiki sijui mara ngapi. Mwishowe daktari bingwa akanipima damu na choo, akaniingiza kamera kwenye utumbo mpana, akasema hakuna kitu. “Una IBS. Punguza mawazo.” Akaishia hapo. Mume wangu naye kalidaka hilo neno. Nikilalamika ananijibu, “Si umeambiwa ni mawazo?”

Nikaamua kujitibu mwenyewe. Nimeacha maziwa, nikaacha ngano, maharage, vitunguu, pilipili, nyama nyekundu na matunda yote. Sasa nakula wali mweupe, viazi vya kuchemsha na kuku. Siku za kazi asubuhi sili chochote, nakunywa kahawa tu vikombe viwili ili tumbo lisiamke. Nimepungua mpaka watu wananiuliza kama naumwa, na tumbo bado halijatulia.

Naomba unijibu. Kweli ni mawazo tu? Inawezekana kamera ilikosa kuona saratani, niombe nirudiwe? Kuna kipimo cha damu nakiona kikitangazwa, wanasema kinaonyesha vyakula zaidi ya mia ambavyo mwili wako unavikataa, nikafanye? Na mwalimu mkuu nimwambie, au nivumilie tu?

Mwalimu Mbio

*

Marahaba, mwalimu.

Nianze na hilo la mawazo, maana naona maneno mawili yamekuumiza kuliko kamera yenyewe. “Punguza mawazo” si maelezo ya ugonjwa. Mwenzangu alikupima vizuri, na jina alilokupa naamini ni sahihi, ila angekaa nawe dakika kumi zaidi angekuepusha na mengi uliyojifanyia baada ya kutoka pale.

IBS, kifupi cha jina la Kiingereza “irritable bowel syndrome”, ni ugonjwa wa namna utumbo unavyofanya kazi na unavyowasiliana na ubongo. Kamera huonyesha vidonda, uvimbe, damu na kuta zilizochubuka. Haionyeshi kasi ya utumbo kusukuma chakula, wala haionyeshi jinsi neva zake zilivyo nyepesi kuhisi. Ukuta wa utumbo una mtandao wake wa neva, zaidi ya seli milioni 100, unaoweza kuendesha usagaji wa chakula bila kungoja amri ya ubongo. Watafiti wamejaribu kupuliza kipira kidogo ndani ya utumbo mpana wa watu mbalimbali: ujazo ambao wengi huuhisi kama kujaa tu, wengi wenye IBS huuhisi kama maumivu. Gesi ya kawaida kwako ni msokoto. Hayo hayatungwi na mtu kichwani.

Na ugonjwa wako una mwanzo unaojulikana. Katika kila watu 10 wanaopata maambukizi makali ya tumbo, takriban mmoja hubaki na IBS baada ya vijidudu kuondoka, na wanawake hupata zaidi ya wanaume. Fikiria ngozi iliyomwagikiwa maji ya moto: jeraha limefunga, lakini hata shati likiigusa inawasha. Ndivyo ulivyobaki utumbo wako. Zile antibiotiki ulizopewa mara kwa mara bila kipimo kuonyesha mdudu hazikusaidia, na huenda zimeongeza vurugu, kwa sababu zinaua hata bakteria wanaoishi humo kwa faida yetu. Usikubali nyingine bila sababu iliyothibitishwa.

Basi mawazo hayahusiki? Yanahusika, lakini si kwa maana aliyoichukua mumeo. Barabara kati ya ubongo na utumbo ina njia mbili. Ukiwa na hofu, mwili humwaga homoni za taharuki na utumbo mpana huongeza mwendo. Ndiyo maana hata mtu mzima wa afya huharisha asubuhi ya mtihani. Kwa upande wa pili, utumbo unaouma humtia mtu hofu. Wewe unaingia darasani tayari unasikilizia tumbo, na huko kusikilizia peke yake kunatosha kuliamsha. Hofu inachochea, haikuwasha moto. Msomee mumeo aya hii, na ikibidi urudie.

Kuhusu saratani. Madaktari hutumia vigezo vinavyoitwa vya Roma, toleo la mwaka 2016: maumivu ya tumbo angalau siku moja kwa wiki katika miezi 3 iliyopita, dalili zikiwa zimeanza si chini ya miezi 6 kabla, na maumivu hayo yafungamane na mambo mawili au zaidi kati ya haya: kwenda haja, kubadilika kwa idadi ya safari za chooni, kubadilika kwa umbo la choo. Wewe unayo yote matatu. Kwa hiyo hukubandikwa jina hili kwa kukosa jingine. Ongeza kwamba una miaka 34, unalala usiku bila kuamshwa na choo, huoni damu, na kamera imetoka safi. IBS haigeuki saratani wala haifupishi maisha. Kurudia kamera hakutakupa amani unayoitafuta. Wagonjwa wengi hutulia wiki moja tu, kisha wanaanza kujiuliza kama hiyo ya pili nayo haikukosa kitu.

Kuna mambo mawili, hata hivyo, ambayo ningependa uyarudie kwa daktari wako.

La kwanza ni uzito. Mtu anayekula kama kawaida na bado anakonda, kwetu ni taa nyekundu, sawa na damu kwenye choo, upungufu wa damu, homa zisizoeleweka, kuharisha kunakomwamsha mtu usiku, au dalili kuanza baada ya miaka 50, au kuwa na mzazi au ndugu wa damu aliyeugua saratani ya utumbo mpana. Wewe kukonda kwako kuna sababu ya wazi: huli. Lakini sababu ya wazi isimzuie daktari kukupima uzito na wingi wa damu, kisha akakupima tena baada ya miezi michache ukiwa umerudia kula. Ukila vizuri na uzito ukaendelea kushuka, hapo ndipo uchunguzi mwingine una maana.

La pili ni ngano. Katika vipimo vya damu vya mtu anayeharisha muda mrefu huwamo kimoja cha ugonjwa wa seliaki, ambapo kinga ya mwili hushambulia utumbo mdogo kila mtu anapokula ngano, shayiri au rai. Muulize daktari kama ulipimwa, na kama ulipimwa kabla ya kuacha ngano au baada yake. Mtu asiyekula ngano kipimo kinaweza kutoka safi ilhali ugonjwa anao. Kama hukupimwa, au ulipimwa baada ya kuacha, itabidi urudie kula ngano kila siku, zaidi ya mlo mmoja, kwa wiki 6 hivi kabla ya kutolewa damu. Najua hutapenda kusikia hivyo. Lakini ni wiki 6 zinazoamua kama mkate ni adui yako wa maisha au ulisingiziwa, na hilo si jambo la kubahatisha. Ukiwa hapo, uliza pia kama choo kilipimwa kalprotektini, protini inayopanda utumbo unapokuwa na mwako wa ndani, yaani kuta zake zimevimba. Ikiwa chini kwa umri wako, hofu nyingi huondoka.

Kile kipimo kinachotangazwa, usikifanye. Kinatafuta kingamwili za aina ya IgG dhidi ya vyakula, na kingamwili hizo zinaonyesha tu kwamba umewahi kula chakula hicho. Ukila kuku kila siku kitakuambia kuku ni tatizo, na wewe utamwacha kuku, ubaki na wali na viazi.

Hapo ndipo lilipo jambo ninalotaka kusema kuliko mengine yote. Kwa sasa kinachonitia wasiwasi ni sahani yako kuliko utumbo wako. Umeondoa karibu kila kitu na tumbo bado linasokota. Hilo lenyewe ni jibu: vyakula vingi ulivyoviacha havikuwa na kosa. Mtu mwenye IBS anapoumwa hutazama alichokula saa moja iliyopita na kukihukumu, wakati mlo wowote, hata wali mtupu, huamsha utumbo mpana kujikaza dakika chache baada ya kula. Ni kawaida ya mwili kwa kila mtu, kwako inauma. Kwa hiyo kila chakula kitaonekana na hatia ukikichunguza kwa njia hiyo.

Umeshasikia, au utasikia, kuhusu mlo wa kupunguza FODMAP. Ulibuniwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Monash, Melbourne, Australia, na una ushahidi mzuri; zaidi ya nusu ya wanaoujaribu hupata nafuu. FODMAP ni aina za sukari na wanga ambazo utumbo mdogo hauzifyonzi vizuri: zinavuta maji, zikifika utumbo mpana bakteria wanazichachusha na kutoa gesi. Zimo kwenye vitunguu maji na vitunguu saumu, ngano, maharage, maziwa, tufaha, embe, tikiti maji, asali, na zile pipi na jojo zisizo na sukari zilizotiwa sorbitoli. Lakini mlo huo una hatua tatu: kupunguza kwa wiki 4 hadi 6, kurudisha kundi moja moja, kisha kubaki na kile tu kilichokuletea shida kweli. Watu wengi husoma hatua ya kwanza, wakaifanya maisha. Wewe umefanya hatua ya kwanza kali kupita iliyoandikwa, bila mwongozo, na umekonda. Singekuanzisha huko sasa. Ningekuanzishia mwisho wake.

Rudisha chakula. Anza na nyama nyekundu isiyo na mafuta mengi, na matunda yasiyosumbua wengi, kama machungwa au ndizi isiyoiva kupita kiasi. Hayo hayana sababu ya kungoja. Baadaye yale yenye kutiliwa shaka, moja moja: kiasi kidogo siku ya kwanza, kikubwa kidogo siku ya pili, cha kawaida siku ya tatu, kisha pumzika siku mbili tatu kabla ya kujaribu kingine. Andika kwenye daftari ulichokula, choo kilikuwaje, na pia ulilalaje na siku ilikuwaje kazini. Utashangaa mara ngapi ni siku ya kikao iliyokuumiza na si sahani. Ngano iache mpaka daktari akujibu kama ulipimwa seliaki kabla ya kuiacha: kama ndiyo, ipe zamu yake kama vyakula vingine; kama sivyo, ipe hizo wiki 6 kwanza. Maziwa yana uwezekano mkubwa wa kuwa mkosaji kweli, maana watu wazima wengi duniani hawana kimeng’enya cha kutosha cha kusaga laktosi, sukari iliyo kwenye maziwa. Hata hivyo wengi wao huweza kumudu kikombe kidogo cha maziwa, na mtindi hauwasumbui sana kama maziwa freshi. Maharage yaloweke usiku kucha na umwage maji yake. Kitunguu kikithibitika kuwa mkosaji, kikaange kwenye mafuta kisha ukitoe: ladha hubaki kwenye mafuta, lakini fruktani inayoleta gesi haiyeyuki humo. Pilipili nakuachia uamuzi mwenyewe, huwa haifichi.

Usikimbilie pumba za ngano kwa kuambiwa ule nyuzinyuzi. Pumba huwazidishia wengi wenye IBS gesi na maumivu. Nyuzinyuzi zinazoyeyuka, kama za oti (oats) au unga wa maganda ya isipagula (psyllium), ndizo zinazosaidia, hata kwa mwenye choo laini kama wewe, kwa sababu hushika maji. Kidogo kidogo, na maji ya kutosha.

Sasa asubuhi. Utumbo mpana hulala usiku na huamka nawe. Kwa kila binadamu hiyo ndiyo saa yake ya kazi. Wewe unaunyima chakula na kuumwagia kahawa, ambayo ni kichocheo chake kingine, hata ile iliyoondolewa kafeini. Halafu mchana ukiwa na njaa kali unakula sana kwa mara moja, nao unajikaza kwa nguvu zote. Geuza utaratibu. Amka mapema zaidi, kula kidogo nyumbani, keti chooni bila haraka, na upate muda wa kurudi mara ya pili kama desturi yake ilivyo, kabla hujatoka. Kahawa ipunguze hadi kikombe kimoja, baada ya chakula. Mchana na jioni kula kiasi, kwa saa zisizobadilika sana. Kutembea au mazoezi mengine mara kadhaa kwa wiki hupunguza dalili. Hili watu hulidharau kwa kuwa haliuzwi duka la dawa.

Dawa zipo, na sioni kwa nini uteseke bila kuzijua. Kwa msokoto kuna za kulegeza misuli ya utumbo, kama hayosini au mebeverini, na vidonge vya mafuta ya mnanaa vilivyofunikwa ili vifunguke utumboni (kama una kiungulia vinaweza kukizidisha). Kwa kuharisha kuna loperamide. Haitibu maumivu, ila siku ya ukaguzi au ya safari kidonge kimoja cha miligramu 2 kabla ya kutoka nyumbani kinaweza kukupa asubuhi nzima. Usizidishe kiwango kilichoandikwa kwenye pakiti, kwa kuwa kwa wingi inavuruga mapigo ya moyo. Vyote hivi mwambie kwanza daktari au mfamasia, hasa kama una ujauzito, unanyonyesha au unatumia dawa nyingine.

Hayo yakishindwa, usikasirike daktari akikutajia amitriptilini. Ni dawa ya zamani ya sonona, lakini kwa IBS hutolewa kwa dozi ndogo, miligramu 10 usiku, ikipandishwa taratibu hadi 30, ili kutuliza neva za utumbo. Utafiti mkubwa uliofanyika Uingereza na kuchapishwa mwaka 2023 ulionyesha inawasaidia wagonjwa ambao hatua za kwanza hazikuwafaa. Tena inapunguza mwendo wa utumbo, jambo unalolihitaji. Mdomo utakauka kidogo na usingizi utaongezeka. Vilevile kuna tiba ya mazungumzo iliyotungwa mahususi kwa IBS, inayomfundisha mtu kuacha kulichunga tumbo kila dakika. Najua baada ya “punguza mawazo” hutaki kuisikia. Haikuambii unajifanya. Inatumia ile barabara ya njia mbili, safari hii kwa faida yako.

Na kama baada ya haya yote unaendelea kuharisha majimaji, mkumbushe daktari habari ya nyongo. Baadhi ya wanaoambiwa wana IBS ya kuharisha, tatizo lao ni asidi za nyongo zinazomiminika hadi utumbo mpana, nazo zina dawa yake, kolestiramini. Mara nyingi husahaulika.

Mwalimu mkuu mwambie. Huhitaji kumweleza choo kikoje. Sema una ugonjwa wa utumbo wa muda mrefu, hauambukizi, unatibiwa, na unaomba mambo mawili: darasa lililo karibu na vyoo kama ratiba inaruhusu, na mwalimu wa jirani akubali kulitupia jicho darasa lako ukitoka ghafla. Vipindi vya kwanza, kama mnaweza kubadilishana, mwombe mwenzako avichukue kwa muhula huu wakati unarudisha chakula. Wengi wenye IBS huniambia safari za chooni zenyewe zilipungua pale walipojua wanaweza kutoka bila kuomba radhi. Watoto nao waambie tu, “Mwalimu akitoka, mnaendelea na zoezi.” Watazoea ndani ya wiki.